Poda, Pini na Daftari: kwa mgeni wa utafiti wa picha za titi

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimkosesha usingizi mama wa watu siku tatu, sababu ni poda.

Alikuja Jumatatu asubuhi akitoka arusini. Udi ulikuwa bado unanukia kwenye nguo, hina mpaka viwikoni, na kwapani na chini ya matiti amejipaka poda kama tunavyojipaka sote Mombasa kaskazi inapokolea. Nikampiga mamografia, yaani eksirei ya titi, picha nne za kawaida: kila titi moja ya juu kwenda chini na moja ya mshazari. Kwenye skrini vikaonekana vitone vyeupe, vidogo kama chumvi iliyomwagika. Vichembe vya kalsiamu ndani ya titi vinaweza kuwa dalili ya mapema ya saratani. Tatizo ni kwamba poda na dawa ya kwapa yenye alumini nazo huonekana vivyo hivyo. Sikumuuliza, sikumfuta, sikuandika popote. Daktari wa radiolojia aliyesoma picha hakumwona mama mwenyewe, akaandika aitwe tena. Aliporudi nikampa maji na kitambaa, nikarudia picha, na vitone vyote havipo. Akaniuliza, "Mwanangu, basi silali kwa ajili ya poda?" Nikamwambia naam, mama, nisamehe.

Wewe umepangiwa mradi wa utafiti, na huko poda ile ina madhara zaidi. Mgonjwa wa kawaida huitwa tena, akapigwa picha upya, yakaisha. Picha ya utafiti haina wa kuiita. Inaingia kwenye hifadhi ikiwa na alama ya "ina vichembe", na miaka mitatu baadaye mtu aliye mbali, asiyejua udi wala kikuba, anaitumia kuifundisha kompyuta.

Hili ndilo ningependa ulishike kabla hujaigusa mashine. Daktari wa zamu anapoangalia picha, jicho lake linasamehe mengi: imepinda kidogo, imefifia kidogo, yeye anaona anachokitafuta. Mtafiti haangalii, anapima. Mchuuzi wa Kongowea akikupimia viazi leo kwa mizani hii na kesho kwa ile, hutajua kama ni viazi vilivyopungua au ni mizani iliyobadilika. Kazi yako ni kuhakikisha mizani ni ileile, na siku ikibadilika, paandikwe kwamba imebadilika.

Kwa hiyo nunua daftari. Ndiyo, la karatasi, la kurasa 200, lile la jalada gumu. Mfumo wa kompyuta una visanduku vya mambo ambayo mtu aliyeutengeneza aliyafikiria, na huyo hakufikiria poda.

Mengi hukosewa kabla mwanamke hajaingia chumbani. Chukua saa. Mradi mmoja niliofanya kazi nao uliweka programu ya kutuma ujumbe wa simu, nayo ikawaandikia kina mama waje "saa 8:00". Tuliotayarisha chumba tulikuwa tayari saa mbili asubuhi, tukakaa tukitazamana. Saa nane mchana wakaja wote kumi na mmoja kwa pamoja, wengine wametoka Matuga na kuvuka Likoni juani, na kila mmoja ana ujumbe wake mkononi unaosema saa nane. Wenye kosa ni sisi. Tangu hapo ujumbe wowote unaopita kwangu unaandikwa "saa mbili asubuhi" kwa maneno, bila tarakimu.

Au chukua majina. Kwa siku moja unaweza kuwa na Fatuma, Fatma na Fatima, na mtu mmoja akawa ndiye huyohuyo kwenye kadi tatu, au watu watatu wakafanywa mmoja. Tumia namba ya utafiti, mwaka wa kuzaliwa, na jina la mama yake ikiwa fomu inaruhusu. Anayefunga kazi bila kulinganisha namba iliyo kwenye picha na iliyo kwenye fomu atajuta siku ya kuchambua.

Halafu ridhaa. Hapa usiwe na haraka, na usimwachie mwanafunzi. Neno "majaribio" lina historia yake. Mama akisikia kwamba "atafanyiwa majaribio" ataamka aondoke, na simlaumu. Sema utafiti, kisha eleza ni nini hasa: picha hii ya ziada haikutibu, haibadilishi dawa utakayopewa, ukikataa matibabu yako yanaendelea vilevile. Wengi wanakubali kwa kudhani mashine kubwa ni tiba kubwa. Nikimaliza kueleza huwa namwambia, "Haya, bi, niambie mimi sasa, ukifika nyumbani utamwambiaje dadako tulichokubaliana?" Akijibu "nitamwambia nimepigwa miale ya kuondoa uvimbe", tunaanza upya. Na akija na mume au mwana wa kiume, msalimie huyo kwa heshima, mpe kiti, kisha zungumza na mwenye titi.

Karatasi zenyewe nitazipitia mbio: kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, viwe mkononi kabla ya picha ya kwanza, si "vinakuja". Nimeona picha nzuri kabisa zikitupwa kwa sababu zilipigwa wiki mbili kabla ya barua.

Tuje kwenye MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, maana ndiyo inayowavutia wageni na ndiyo yenye mitego mingi. Sumaku ya tesla 1.5 ina nguvu karibu mara 30,000 kuliko sumaku ya dunia, na haizimwi jioni. Hata stima ikipotea kisiwa kizima, sumaku ipo kazini. Hapa kwetu kitu cha kwanza cha kuogopa ni pini ya hijabu. Mama atakwambia ametoa vyuma vyote, na ni kweli ametoa mkufu, bangili na saa, lakini pini tatu zimo kwenye mtandio na hazihesabu kuwa chuma, ni sehemu ya nguo. Mpe nguo ya hospitali na mtandio wa pamba wa hospitali, abadilishe vyote. Tumeshona sita kwa ajili hiyo tu, na ni fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingi za mradi.

Kuna hirizi pia. Nyingine ni ngozi na karatasi tu, nyingine zina kibati au sindano ndani, na kwa nje huwezi kujua. Usimwambie avue "hicho kitu". Mwambie mashine hii inavuta chuma na hatuwezi kufungua kuona kilichomo, basi aliyekuja naye amshikie hapo mlangoni mpaka atoke. Sijapata kukataliwa.

Mwulize tarehe ya siku zake. Kama bado anaona hedhi, MRI ya titi hupigwa vizuri kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu siku ya kwanza, kwa sababu nje ya hapo titi zima lenyewe hunywa dawa ya kung'arisha picha, ile tunayomdunga, na kuficha unachokitafuta. Kwa mwenye saratani iliyokwisha kujulikana hatucheleweshi matibabu kungoja kalenda. Unapiga, lakini tarehe unaiandika. Kama wewe ni mwanamume, mwombe muuguzi wa kike aulize. Ukiuliza wewe utapata jibu, lakini litakuwa jibu la kukumaliza uondoke.

Mpime uzito siku hiyohiyo. Usimwulize, na usinakili ule wa mwezi uliopita; kemo, yaani dawa kali za saratani, hupunguza mtu na kumwongeza. Dawa hiyo ya kung'arisha, yenye gadoliniamu, hutolewa kwa uzito, 0.1 milimoli kwa kila kilo, na ukikosea uzito umekosea mwangaza wa kila picha itakayofuata. Majibu ya figo yawepo kabla ya sindano.

Hesabu ya muda ndiyo roho ya kipimo hiki. Unapiga picha moja kabla ya dawa. Pampu inasukuma dawa, kwa kawaida mililita 2 kwa sekunde, kisha maji ya chumvi nyuma yake. Halafu unarudia titi zima kila sekunde 60 hadi 90, mara kadhaa. Uvimbe wa saratani hujijengea mishipa yake yenyewe, ya haraka na inayovuja, kwa hiyo mara nyingi hung'aa mapema na kufifia mapema, wakati nyama ya kawaida bado inapanda polepole. Mtafiti anachora mstari wa kupanda na kushuka huko. Sasa, mahali fulani pampu iliharibika, na kwa wiki mbili wenzangu wakawa wanasukuma dawa kwa mkono. Mkono wa mtu mmoja mwepesi, wa mwingine mzito. Picha zilitoka nzuri, madaktari hawakulalamika, hakuna aliyeandika. Miezi minane baadaye mchambuzi anauliza kwa nini kundi la wanawake wa mwezi wa Machi wana uvimbe wa tabia ya ajabu. Tukabaki kukisia nani alikuwa zamu siku gani. Picha zote za wiki zile zikaondolewa, na zilikuwa ni za watu, kila mmoja alilala kifudifudi nusu saa nzima akijua anasaidia wenzake.

Huko kulala kifudifudi, kwa njia, ndiko kunakoharibu picha nyingi. Matiti yananing'inia ndani ya koili, kile chombo kinachopokea mawimbi ya picha, kifua kimebanwa, mashine inagonga kama fundi wa mabati, na baridi ya kiyoyozi inaingia mgongoni. Akijisogeza kidogo baada ya picha ya kwanza, ukitoa ile ya kabla kwenye ile ya baada utapata ukingo mweupe wa uongo kuzunguka titi lote. Mfunike leso mgongoni. Mwambie kila mlio utachukua muda gani. Mwulize kama ana kikohozi, kabla, si baada ya dawa kuingia.

Kupima uvimbe kwenyewe nilidhani ni jambo dogo, kuburuta mstari kutoka ncha hadi ncha. Ngoja nikuonyeshe. Kwa kanuni za RECIST za mwaka 2009, zinazotumika kupima kama uvimbe umepungua au umekua, tukichukua uvimbe mmoja peke yake, ukipungua kipenyo kwa asilimia 30 au zaidi mgonjwa huhesabiwa amepata nafuu ya sehemu. Mama ana uvimbe wa milimita 50 kabla ya kemo. Baada ya kemo wewe unapata 35: umepungua asilimia 30 kamili, yumo. Mwenzako anachagua kipande cha picha kilicho jirani na anapata 37: asilimia 26, hayumo. Milimita mbili, ambazo ni unene wa kalamu ya risasi iliyochongwa vibaya, zimembadilishia kundi. Na ukichukulia uvimbe kama mpira, ule wa 35 umebakiwa na theluthi moja tu ya ujazo wake wa mwanzo, kwa hiyo kinachoitwa asilimia 30 kwa rula ni asilimia 66 kwa ujazo. Ndiyo sababu tafiti nyingine siku hizi hupima ujazo unaong'aa badala ya kipenyo. Wewe hutaamua kipi kitumike, lakini andika kipande namba ngapi ulichopimia, na wa pili apime bila kuona namba yako.

Mkumbushe daktari pia klipu. Kama mgonjwa anaanza kemo kabla ya upasuaji, kijichuma kidogo huachwa ndani ya uvimbe wakati wa biopsi, yaani kuchukua kinyama cha kupima, au baadaye. Dawa ikifanya kazi vizuri sana uvimbe hutoweka kwenye picha, na daktari wa upasuaji anabaki na titi lisiloonyesha pa kukata. Hilo ni tatizo tunalolipenda, lakini ni tatizo.

Alama za BI-RADS, ambazo daktari huipa kila picha ya titi aliyoisoma, utazijifunza kitabuni, 0 mpaka 6. Nitakwambia moja tu: 0 si kwamba hana kitu. Maana yake ni kwamba picha haijatosha, aongezewe nyingine. Nimemsikia kwa masikio yangu karani wa mradi akimwambia mama kwa furaha, "Umepata sufuri, shangazi, nenda zako nyumbani." Nilimkimbilia kwenye tuktuk.

Akili unde nayo imefika, na kila mgeni anakuja akiwa ameiota. Sina ugomvi nayo. Uswidi walifanya utafiti uitwao MASAI, wanawake zaidi ya 80,000, na matokeo ya kwanza ya mwaka 2023 yalionyesha kazi ya madaktari ya kusoma picha ilipungua kwa asilimia 44 bila kupunguza saratani zilizogunduliwa. Lakini soma ni kina nani waliopigwa picha. Ni wanawake wazima wa afya walioitwa kwa barua kuja kuchunguzwa. Kwetu wengi huja mkono umekwisha gusa uvimbe, na wengi ni wadogo wa umri, wenye matiti mazito, yaani nyama nyingi na mafuta kidogo, ambayo mamografia huona kama ukungu juu ya ukungu. Programu iliyofunzwa kutafuta punje haijaahidi lolote juu ya nazi.

Na ukipewa kazi ya kugawa picha, za kufundishia na za kujaribia, gawa kwa mtu, si kwa picha. Mwanamke mmoja ana picha nne. Mbili zikienda kufundisha na mbili kujaribu, programu itamtambua mama yuleyule na utashangilia alama za juu zisizo na maana. Angalia vilevile kama wagonjwa wote wametoka mashine moja na wazima wote mashine nyingine. Kompyuta ni mvivu: itajifunza herufi iliyo kwenye kona ya picha na kuachana na titi kabisa.

Siri. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, lakini hata bila sheria, titi la mtu ni la mtu. Kufuta jina kwenye faili la DICOM, lile linalobeba picha pamoja na maelezo ya mgonjwa, ni nusu ya kazi. Mashine nyingi za ultrasaundi huchoma jina ndani ya picha yenyewe, pale juu, na programu ya kufuta hailioni kwa kuwa kwake ni pikseli tu. Fungua picha kwa macho yako, moja moja, kabla haijatoka. Na picha zisipite WhatsApp, hata kwa daktari unayemwamini. Ukiacha siri, simu inaibana picha, na vichembe ulivyotaka aviangalie ndivyo vinavyopotea kwanza.

Tarehe ziandike zote. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba uchunguzi wa saratani ya titi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kwa mara ya kwanza. Siku hizo zinahesabiwa kutoka wapi? Tangu zahanati ya kwanza, si tangu alipofika kwetu Makadara au kwingine kokote mjini. Na tarehe ile ipo kwenye kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya pochi. Muombe akitoe, kinakili, mrudishie.

Picha ya mwisho ndiyo inayokosekana kila mradi, ile ya baada ya kemo. Wageni huandika "hakuja" wakaendelea. Mpigie. Mara nyingi hana nauli, au ana homa, au amekwenda kwao Taita kuuguzwa. Walio hoi ndio wasiokuja, na ukiwaacha nje, dawa yoyote itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Nauli iwe kwenye bajeti tangu mwanzo, ya mama na ya anayemsindikiza, na ilipwe siku hiyohiyo mkononi. Nimegombana na wahasibu juu ya hili na nitagombana tena.

Jumatatu njoo saa moja na nusu asubuhi, kabla ya foleni. Tutaanza na fantomu, lile titi la plastiki. Ndani yake mna nyuzi 6, vikundi 5 vya vitone na vivimbe 5, na usipohesabu angalau 4, 3 na 3 hapigwi picha mtu asubuhi hiyo. Huku pwani unyevu unaingia kila mahali, na kiyoyozi kikizimwa wikendi kwa ajili ya kubana matumizi, kama wanavyopenda kufanya, fantomu ndiyo hutwambia kwanza. Uhesabu wewe, bila mimi kukuangalia, uandike ulichoona na si kile cha juzi. Kalamu zipo. Daftari uje nalo.